Chumba cha pande tatu kwa mazungumzo ya tabianchi: kinaongeza sauti au ni mapambo tu?

Nanga_Mbili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naomba mawazo kabla hatujatumia vibaya fedha za watu. Sisi ni kundi la vijana thelathini na kitu, tumetawanyika nchi kumi na moja, tunafuatilia mazungumzo ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa. Kati yetu sote, waliowahi kuvaa beji na kuingia ukumbini ni wawili. Wengine tunasoma rasimu usiku na kutazama matangazo ya moja kwa moja, basi.

Mwaka huu tumepata ufadhili mdogo wa "kupanua ushiriki kwa teknolojia". Kundi likagawanyika palepale. Nusu wanataka tununue miwani ya uhalisia pepe na kujenga ukumbi wa pande tatu. Mtu avae miwani, aingie, ajione yuko mkutanoni, kisiwa kinazama mbele yake na barafu inamomonyoka. Wanatolea mfano Tuvalu, lile taifa la visiwa linalojinakili kidijitali. Nusu nyingine wanasema huo ni mchezo wa watoto, Zoom inatosha, fedha zinunue bando.

Mimi ndiye katibu, kwa hiyo lawama zote zitakuja kwangu. Ninamtaka aliyewahi kuendesha kitu cha namna hii, si aliyesoma tangazo lake. Watu waliingia? Wakaongea? Na walichokisema kilimfikia mtu yeyote mwenye uwezo wa kubadilisha hata koma moja?

Nawasilisha.

Fundi_Waya

Zoom. Uzi ufungwe.

Haya, kwa umakini: kila unachokiweka kati ya mdomo wa mtu na sikio la mwenzake kinapunguza watu. Miwani inapunguza. Programu ya kupakua inapunguza. Kufungua akaunti kunapunguza, na lile neno la siri lenye herufi kubwa na alama ya mshangao linapunguza zaidi. Takwimu za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2024 zinasema watu bilioni 2.6 hawatumii intaneti kabisa. Nyie mnawaza samaki wa pande tatu.

Sauti_ya_Nyuma

Fundi ana haki nusu. Nimeendesha vyumba vya namna hii mara nne na viwili vimenifia mikononi, kwa hiyo kaa kitako mleta uzi, hii ni ndefu.

Cha kwanza nilikijenga mwenyewe nikakionea fahari kama mzazi. Kisiwa, mawimbi, nyumba zinazama kadiri dakika zinavyokwenda. Hata majani ya miti yalikuwa yanatikisika, na kila jani lilikuwa na uzito wake kwenye faili, lakini kompyuta yangu ilikuwa nzuri kwa hiyo sikuliona hilo. Siku ya siku waliojiandikisha ni sitini. Walioingia, ishirini na watatu. Waliosikika wakiongea ni tisa, nikiwemo mimi niliyekuwa nasema "jamani mnanisikia?" Wengine simu zilipata moto, kivinjari kikajifunga, wakarudi, kikajifunga tena. Dada mmoja aliniandikia kesho yake kwamba aliona bluu tupu kwa dakika arobaini, akadhani ndiyo sanaa yenyewe.

Lakini walioniuma ni wale tisa. Walizunguka wakipiga picha, wakasifia maji. Tulipofika kwenye swali, haya, tuwaambie nini wajumbe, kimya. Nilikuwa nimewawekea bahari, sikuwawekea rasimu. Niliwaita waje wahuzunike, na huzuni hawakupungukiwa nayo. Wawili kati yao walikuwa wameshahama kwa sababu ya mafuriko ya kweli, mimi nawaonyesha ya kuchora.

Cha pili nilikijenga kwa hasira. Sakafu ya kijivu, kuta nne, meza tatu, ukuta mmoja mweupe. Faili zima halikufika megabaiti nne. Unabonyeza kiungo, kinafunguka kwenye kivinjari, hakuna akaunti wala kupakua. Avata, yaani umbo linalokuwakilisha humo ndani, ni kijiti chenye jina kichwani. Mwenye miwani aingie na miwani yake, mwenye simu ya kioo kilichopasuka aingie nayo, wote ni vijiti. Hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Kwenye gridi ya nyuso, nyuma ya huyu unaona kabati la vitabu, nyuma ya yule ukuta unaobanduka rangi, na watu wameshapimana kabla mtu hajafungua mdomo.

Sasa Fundi, hapa ndipo tunapoachana njia. Zoom inatosha kwa hotuba, lakini mazungumzo haya hayaamuliwi kwa hotuba. Kumbuka Durban, Desemba 2011. Mkutano umepitiliza siku zake, ni Jumapili alfajiri, watu wanasinzia vitini, na Umoja wa Ulaya na India wamekwama kwenye maneno machache: makubaliano yajayo yatakuwa na nguvu gani kisheria? Rais wa mkutano, Maite Nkoana-Mashabane, akawaambia Connie Hedegaard wa Ulaya na Jayanthi Natarajan wa India wasogeleane wayamalize. Wakasimama palepale ukumbini, wamezungukwa na duara la wajumbe wanaonyoosha shingo wasikie, mjumbe wa Brazil akaleta maneno ambayo pande zote mbili ziliweza kuyameza, wakakubaliana. Safari ya kwenda kwenye Makubaliano ya Paris ya 2015 ilianzia kwenye duara lile.

Zoom haina karibu. Ina wote, au ina vile vyumba vidogo ambavyo mwenyeji anakutupa ndani kama barua. Chumba ambacho sauti inafifia kwa umbali kina karibu. Unasogea hatua tatu, unasikia meza ya pili wanabishana nini, unakaa au unapita. Kuna kijana tuliyekuwa naye kwenye vikao vya Zoom mwaka mzima, hajawahi kuwasha maiki. Kwenye chumba cha kijivu nilimkuta kona na watu wawili, anaeleza jinsi tahadhari ya mafuriko ilivyomfikia kwenye simu siku moja baada ya maji. Nilimwomba aje aseme mbele ya wote, akakataa. Sawa. Wale wawili waliibeba habari yake hadi ukutani na ikaingia kwenye maandishi yetu. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda hata kwenye mkutano wenyewe.

Ukuta mweupe ndio moyo wa chumba. Juu yake nabandika aya moja ya rasimu, moja tu, pamoja na mabano yake. Kwa wasiojua, rasimu hizi hujaa mabano ya mraba, na kilicho ndani ya mabano bado hakijakubaliwa. Unaweza kukuta "zitatoa" na "zinahimizwa kutoa" zimefungiwa pamoja kama majogoo wawili kwenye tenga moja. Sakafuni nachora mistari: huku chaguo la kwanza, kule la pili, katikati kwa ambaye hajaamua. Nasema, nenda kasimame unapoamini. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na mwili, hata uwe kijiti. Mwenye maiki mbovu anasema kwa miguu, mwenye haya anasema kwa miguu, na mwenye mtandao wa kusuasua anahitaji sekunde mbili tu za kuunganika ili msimamo wake uonekane.

Wala si kura. Mkutano wenyewe haupigi kura: kanuni ya 42, ile ya upigaji kura, haijawahi kukubaliwa tangu mwanzo, na mambo huenda kwa maafikiano. Kwa hiyo sihesabu wengi. Namwendea aliyesimama peke yake, namuuliza ni neno gani likibadilika atasogea. Mara nyingine anataja neno moja, na kundi zima upande wa pili linagundua hata lenyewe lilikuwa halilipendi.

Sasa mlango. Swali lako la tatu ndilo lililoviua vyumba vyangu viwili. Usidanganyike na wingi wa watu: Berlin mwaka 1995 washiriki hawakufika 4,000, Dubai mwaka 2023 walipita 80,000, na ile meza ya watu wachache wanaoandika aya saa nane za usiku haikurefuka kwa kiasi hicho. Wanaoamua ni wanachama 198 wa mkataba, yaani nchi 197 na Umoja wa Ulaya. Waangalizi wamegawanywa makundi tisa, vijana wana lao, YOUNGO, na kila kundi hupewa nafasi fupi ya kusema kwenye vikao vya wazi. Mbali na hapo kuna maoni ya maandishi ambayo sekretarieti huyaita kwa mada na kwa tarehe ya mwisho, miezi kabla ya mkutano. Hiyo ndiyo milango. Kama chumba chako hakijapangwa kuelekea mmojawapo, mtazungumza vizuri sana na hakuna atakayejua.

Tafuta mtu mwenye beji kabla hujatafuta mtu mwenye miwani. Naye aahidi mambo mawili: atabeba sentensi zenu, kisha atarudi chumbani kusema zimefika wapi. Hili la kurudi ndilo watu husahau. Chumba changu cha tatu kilikuwa kizuri kuliko vyote, sentensi nne safi, zikachukuliwa na mjumbe mmoja mpole sana, na hatukumsikia tena. Kikao kilichofuata walikuja watu sita. Sikuwalaumu.

Kibanda_Namba_Tatu

Mimi ni mkalimani wa mikutano. Sauti_ya_Nyuma amesema mengi ya kweli, lakini hiyo sauti yake inayofifia ni jinamizi kwangu.

Mkalimani hafanyi kazi na sauti nusu. Natafsiri wakati mtu bado anaongea, kwa hiyo nahitaji mdomo mmoja, maiki moja, sauti safi. Ukiniweka katikati ya chumba ambacho huyu yuko hatua mbili na yule hatua saba, nasikia robo ya kila mtu. Suluhisho tulilopata kwenye kikao kimoja ni kugawa chumba: mezani sauti ya karibu, bila ukalimani, kila meza lugha yake. Mkifika ukutani chumba kinabadilika, maiki moja inawashwa, wote wanasikia sawasawa, na mkalimani ana njia yake ya pembeni. Wekeni wawili kwa kila lugha, hupokezana karibu kila nusu saa, akili haiendi zaidi ya hapo. Na rasimu nipeni siku mbili kabla. Mkinipa dakika tano kabla, natafsiri jasho.

Jingine ni la lugha yenyewe. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita na yetu haimo, kwa hiyo kila mnachobandika ukutani kimeshapita mikononi mwa mtu kama mimi. Paris 2015, saa za mwisho kabisa, ugomvi ulikuwa juu ya "shall" (la kulazimisha) na "should" (la kushauri) kwenye ibara ya 4, aya ya 4: nchi zilizoendelea zitaendelea kuongoza katika kupunguza gesi, au zinapaswa tu? "Shall" lilibadilishwa kuwa "should" kama kosa la uandishi, likasomwa ukumbini pamoja na marekebisho mengine madogo, nyundo ikagongwa. Sasa jaribuni kulifikisha hilo kwa Kiswahili. "Zitaendelea" inasikika kama utabiri. "Zinapaswa kuendelea" inasikika kama amri. Yaani lililo dhaifu kwao, kwetu linatoka na misuli! Msipoliona hilo, vijana wenu watasimama upande usio wao pale sakafuni wakidhani wametetea neno kali.

Na "kukabiliana". Tunasema kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi tukimaanisha vita vyote kwa ujumla, halafu mwingine analitumia kumaanisha kuzoea na kuhimili athari zilizokwisha kufika. Mezani watu wawili watakubaliana dakika kumi kumbe kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mimi huandika ukutani kabla ya yote: kupunguza ni kupunguza gesi, kuhimili ni kuhimili athari, hasara na uharibifu ni yale yasiyohimilika tena. "Kukabiliana" nalifungia nje siku hiyo.

Gusa_Usome

Sioni. Natumia kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti. Nikifungua chumba cha pande tatu, kisoma skrini changu kinasema "turubai". Neno moja. Baada ya hapo kimya.

Siandiki kuwakatisha tamaa, maana mkutano wa ana kwa ana nao una milango yake. Glasgow 2021, Karine Elharrar, waziri wa nishati wa Israel anayetumia kiti cha magurudumu, alisubiri nje kwa saa mbili akashindwa kuingia eneo la mkutano kwa sababu hapakuwa na njia inayomfaa. Kama waziri anabaki nje, mimi nani. Kwa watu kama sisi mkutano wa mtandaoni ni neema, ukitengenezwa. Tatizo ni kwamba watu wanatengeneza cha kuona kwanza, kisha wanaahidi "toleo la walemavu" litakuja.

Chumba kimoja nilichofurahia kilikuwa na kisanduku cha maandishi pembeni. Naandika "nani yupo karibu", kinanitajia majina. Naandika "nenda ukutani", nafika ukutani. Naandika "soma ukuta". Mtu akisogea upande wa kwanza nasikia mlio, wa pili mlio mwingine. Nilijua msimamo wa chumba kabla ya wenye macho hawajamaliza kuzungusha kamera zao. Na kisanduku hicho hicho kilimfaa bwana mmoja ambaye mtandao wake haukuweza kubeba picha kabisa.

Suala la miwani nawaachia wenyewe, ila nimekaa na wenzangu wakitapika.

Sauti_ya_Nyuma

Kibanda, ule mgawanyo wa meza na ukuta nauchukua bila haya. Gusa, mimi sikuwa na kisanduku hicho, na sasa najiuliza ni wangapi walisikia "turubai" wakaondoka wakati mimi nalaumu mtandao.

Nanga_Mbili (mleta uzi)

Nimesoma mara mbili na nimewatumia wenzangu. Maswali matatu kutoka kwa wapenzi wa miwani, nawasilisha kama walivyoyasema. Moja, Tuvalu je, si mfano kwamba picha inafanya kazi? Mbili, kama chumba cha kawaida kinaweza kufanya yote haya, kwa nini mazungumzo yenyewe yasihamie humo, ndege zikapumzika? Tatu ni langu: tukijenga kwenye jukwaa la kampuni, likifungwa?

Sauti_ya_Nyuma

Tuvalu kwanza. Mwaka 2021 Simon Kofe, akiwa waziri wa mambo ya nje, alitoa ujumbe wake kwa Glasgow amesimama baharini, suruali imekunjwa, maji magotini. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba nchi itaanza kujinakili kidijitali, kisiwa kidogo cha Te Afualiku kikiwa cha kwanza. Ilifanya kazi, dunia iligeuka kutazama. Lakini angalia nani alikuwa anaongea: serikali yenye kiti chake, yenye hoja ya kisheria kwamba taifa halifi hata ardhi ikizama. Mwaka 2023 wakaiandika hoja hiyo kwenye katiba yao. Picha ilikuwa tarumbeta tu, mpigaji alikuwa tayari ndani ya ukumbi. Nyie mna tarumbeta na mko nje ya geti. Jengeni kisiwa mkipenda, kama filamu ya dakika tatu ya kuwaita watu. Msikiweke chumba cha kazi juu yake.

La pili, limeshajaribiwa, kwa sehemu. Kuanzia tarehe 31 Mei hadi 17 Juni 2021, kwa sababu ya korona, vyombo tanzu vya mkataba wa tabianchi vilifanya vikao vyao mtandaoni, karibu wiki tatu. Saa zilipangwa kwa zamu ili si walewale wakeshe kila siku. Mitandao ya wajumbe wengine ikakatika katikati ya sentensi. Mwisho wa yote hakuna uamuzi rasmi uliochukuliwa, kazi ilihifadhiwa kwenye maandishi yasiyo rasmi kusubiri watu waonane. Nchi maskini zilikuwa na hoja nzito hapo: ukikatika dakika mbili na aya ikapita, umekubali au hukuwepo?

Kwa hiyo mimi sipiganii kuhamisha meza. Hesabu ya ndege ni ya kweli, kuna utafiti uliotoka kwenye Nature Communications mwaka 2021 uliokadiria kwamba mkutano ukihamia mtandaoni wote hupunguza uzalishaji wa kaboni kwa asilimia 94, na mikutano mingi ya kawaida ingefaa ihame kesho. Lakini anayeshika kalamu ya mwisho lazima awe na uhakika kwamba amesikia. Chumba chenu ni cha kabla: cha kujua unataka neno gani, na cha baada: cha kuuliza limekwenda wapi.

La tatu, ogopa. AltspaceVR, jukwaa la vyumba vya uhalisia pepe, ilifungwa Machi 2023, na ilikuwa mikononi mwa Microsoft. Mozilla wakazima huduma yao ya Hubs mwishoni mwa Mei 2024, na humo ndimo kulikuwa na chumba changu cha kijivu. Niliokoka kwa sababu programu yenyewe ni huria na faili langu nilikuwa nalo nyumbani, nikakihamisha kwenye seva nyingine. Waliojenga ndani ya majumba ya watu wakiacha ramani humohumo waliondoka mikono mitupu. Hifadhini faili la chumba, orodha ya watu na kumbukumbu za maandishi kwenu. Hasa kumbukumbu.

Kuna kitu kimoja cha kuweka mezani, jaribuni En-ROADS ya Climate Interactive. Inafunguka kwenye kivinjari bila malipo, unasukuma vitelezi vya makaa ya mawe, misitu, bei ya kaboni, na unaona joto la mwaka 2100 linasogea au linagoma. Nimeona ubishi wa nusu saa ukifa kwa kitelezi kimoja. Wale wale wana mchezo wa kuigiza mkutano, ambamo nchi tajiri huketi kwenye meza iliyopambwa na maskini huketi sakafuni. Katika chumba cha vijiti ilibidi niwafupishe baadhi ya watu hadi magotini. Walicheka dakika tano, kisha mmoja akasema haoni ukuta kutoka huko chini, kicheko kikaisha.

Fundi_Waya

Nakubali habari ya karibu. Durban nilikuwa siijui. Lakini hamjanijibu ya bilioni 2.6. Kijiti cha megabaiti nne bado kinataka intaneti.

Sauti_ya_Nyuma

Kweli, na hakuna chumba kitakachojibu hilo. Watu hujibu. Mwaka 2021, sambamba na Glasgow, kulikuwa na Baraza la Dunia la wananchi, watu 100. Walianza na bahati nasibu ya maeneo kwenye ramani, penye watu wengi pakiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa, kisha wakatafuta watu kwenye maeneo hayo. Kwa hiyo walipatikana hata watu ambao hawajawahi kuingia kwenye kikao cha mtandaoni. Kila mmoja alikuwa na mwenyeji wa karibu yake: wa kumpatia kifaa, intaneti, na kumtafsiria. Walikutana kwa video tu, hakuna miwani, hakuna kisiwa.

Ningekuwa na ufadhili wa Nanga, sehemu kubwa ingekwenda kwa wenyeji wa namna hiyo. Skrini moja kubwa, spika nzuri, mtu mmoja anayeaminika, watu kumi na tano nyuma ya kijiti kimoja. Kijiti hicho nakiandika "15" kichwani ili wengine wajue wanaongea na wangapi. Kwenye chumba changu cha nne kijiti chenye namba 22 kilipoanza kutembea kuelekea upande wa pili, taratibu kwa sababu ndani yake walikuwa bado wanabishana, chumba kizima kilisimama kutazama.

Kibanda_Namba_Tatu

Nilikuwepo kwenye hicho. Kilisogea, kikarudi, kikasogea. Nilisahau kutafsiri.

Nanga_Mbili (mleta uzi)

Tumekaa jana usiku. Miwani: tunanunua moja tu, ya majaribio, na wapenzi wake wamenuna lakini wamepiga saini. Wenyeji watano wamepatikana, bado tunatafuta wengine. Mmoja wa wale wawili wenye beji amekubali kubeba sentensi na kurudi, tumeandika tarehe ya kurudi kabla ya tarehe ya kwenda. Kisanduku cha maandishi kinajengwa kwanza, kabla ya kuta. Gusa, nimekutumia ujumbe, tunaomba uwe wa kwanza kukivunja.

Chumba tupu kipo tayari, kiungo nimekiweka kwenye wasifu wangu. Ukutani kuna aya moja ya majaribio, mabano mawili: "zitatoa" na "zinahimizwa kutoa". Jumamosi saa kumi jioni za Nairobi, nyie mtajigeuzia kwa saa zenu.

Gusa_Usome

Nimeshakivunja. "Soma ukuta" inasoma mabano yote kama kimya, siwezi kujua neno gani liko ndani na lipi nje. Iambieni itamke "mabano yanafunguka".

Fundi_Waya

Nimejaribu kwa simu yangu ya zamani kuliko zote. Sekunde kumi na moja, kimefunguka, haijapata moto.

Nimesimama upande wa "zinahimizwa", niko peke yangu, na nina sababu zangu. Njooni mniulize.